Je, Tumshuhudie Muuza Magari?



Mwenye bondi moja ya magari hapa Kampala, Muislamu anayesali nasi Ijumaa, amejitolea kugharimia futari ya wanafunzi Ramadhani hii. Anachoomba ni ukurasa mmoja katika jarida letu, uandikwe kwamba bondi yake ni ya kuaminika. Wengi katika kamati wameona ni jambo jepesi. Mimi nimepinga, na ni haki yenu kujua kwa nini.

Magari mengi yanayouzwa mjini hapa ni mitumba ya Japani, iliyoshushwa Mombasa ikaja kwa barabara. Tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15, lakini hata la miaka 12 lina mengi ya kuficha. Mita hurudishwa nyuma kwa kompyuta. Kutu hupakwa rangi. Injini iliyochoka hutiwa oili nzito ili isitoe moshi siku ya majaribio. Mnunuzi, pengine mwalimu aliyekopa kwa mshahara wake wa miaka mitatu, anaona bodi linalong'aa. Mwenye mali anajua, yeye hajui.

Kisa cha Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu ndani tunakijua sote. Kisichozungumzwa sana ni kwamba yule muuzaji alikuwa na udhuru wa kweli: ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione.

Wenye bondi wana jibu lao: "Nimekuuzia gari lilivyo, na umekubali." Maneno hayo huandikwa hata kwenye risiti. Je, sharti hilo linamwondolea muuzaji dhima? Mafakihi wamehitilafiana. Mahanafi wamelipa nafasi pana. Mashafii wamelibana sana. Nami hukumbuka kesi iliyopokewa katika Muwatta wa Imamu Malik. Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akagundua maradhi, wakafika kwa Uthman bin Affan. Uthman hakuuliza sharti lilisemaje. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akijua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Kwangu mimi swali la Uthman ndilo swali lenyewe: ulijua au hukujua? Karatasi haiwezi kulijibu.

Sasa turudi kwenye ushahidi tulioombwa. Imepokewa kwamba mtu alimsifu mwenzake mbele ya Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamuuliza: wewe ni jirani yake? Umesafiri naye? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Yote hapana. Akamwambia kwamba huenda alimwona tu msikitini akiinamisha na kuinua kichwa, basi hamjui. Nasi, kusema kweli, mwenye bondi tumemwona wapi kwingine? Kanzu yake ni safi, ana alama ya sijda, na sadaka yake ni nyingi. Hakuna hata mmoja katika kamati aliyenunua gari kwake. (Wengi wetu hatuna hata nauli ya boda, lakini hiyo ni mada nyingine.)

Nimeambiwa kwamba hii ni dhana mbaya juu ya Muislamu. Sioni hivyo. Umar hakusema yule mtu ni mwongo. Alisema tu kwamba msifuji hamjui. Kunyamaza si kushtaki. Kinachoniogopesha ni yule mwalimu: atakayesoma ukurasa wetu ataacha kumleta fundi, kwa kuwa vijana wa chuo, tena Waislamu, wameshasema. Gari likimharibikia, sisi tutakuwa tumeshakula futari.

Kwa hiyo nilipendekeza barua badala ya ukurasa. Tumuulize mambo matatu. Je, anamruhusu mnunuzi kuja na fundi wake mwenyewe, gari likainuliwa na kutazamwa chini? Anaonyesha cheti cha ukaguzi wa Japani, ili kilomita zilizoandikwa humo zilinganishwe na za kwenye dashibodi? Na je, yuko tayari kutoa khiyari ya siku 3, kama ile aliyopewa sahaba Habban bin Munqidh, aliyekuwa akipunjwa sokoni? Akikubali kwa maandishi, nitaandika mimi mwenyewe kwamba amekubali haya matatu, wala sitaongeza neno "mwaminifu".

Kamati ilipiga kura wiki iliyopita, barua ikapita kwa kura moja. Alipelekewa Jumatatu. Mpaka jarida hili linakwenda mtamboni hajajibu, na suala la mchele wa futari bado liko mikononi mwa mweka hazina.