Grisi Chini ya Maji

Wajukuu zangu wa Tandika na Mbagala, nanyi mnaojifunza kushika spana pale VETA Chang'ombe,

Juzi mmoja wenu alikuja na wenzake kunijulia hali, akaniambia, "Babu, nikimaliza JKT nataka niende Kigamboni, niwe mwanamaji." Nikafurahi. Nikamuuliza, mwanamaji wa kazi gani? Akasema wa juu, wa kwenye mzinga. Wenzake nao wakajibu hivyohivyo. Hakuna aliyetaja chumba cha injini.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliyezeekea chini ya sitaha naongeza: vimeundwa, na kila siku yupo anayevitunza visizame.

Chukueni mfano wa Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Ushindi ule haukuifikisha mbali. Injini ilikorofisha, ikabidi ikajifiche katika delta ya Rufiji. Sehemu za mitambo zilizoharibika zilifunguliwa, zikaburutwa nchi kavu zaidi ya kilomita 100 hadi karakana za hapa Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa. Walioziburuta ni babu zetu, na majina yao hatuyajui. Meli ilipoangamizwa Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, mafundi wakaifungia magurudumu. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika, ukawekwa juu ya meli iitwayo Goetzen.

Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja katika makasha kama 5,000 yaliyoshushwa hapa bandarini kwetu, kisha ikaungwa upya Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipoona wanaelemewa, waliamua kuizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Miaka ikapita. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikabeba abiria wa ziwa lile vizazi kwa vizazi.

Siwasifu Wajerumani wale kwa vita vyao. Vilituulia watu wetu kwa njaa na kwa mizigo ya kulazimishwa. Nausifu mkono uliopaka grisi meli inayokwenda kuzama, bila kujua kama kuna atakayeiona tena.

Mkono huo mimi niliwahi kuukosa. Nilikuwa fundi kijana katika chombo fulani, na zamu yangu ilikuwa kusafisha chujio la maji ya bahari yanayopoza injini. Nikachoka. Nikaandika katika daftari, "Limesafishwa." Usiku mwani ukaliziba, injini ikachemka, tukaizima, mkondo ukaanza kutusukuma kuelekea mwambani. Nanga ndiyo iliyotuokoa. Nahodha hakunigombeza. Alinipa lile daftari, akaniambia nisome kwa sauti nilichoandika, mbele ya wenzangu. Nilishindwa kufika mwisho wa neno.

Basi, wanangu, shikeni haya. Kalamu yenu isitangulie mkono: usiandike ambacho hujakigusa. Hesabu na fizikia msizikimbie, maana bahari haina huruma kwa asiyejua kupima. Kutu hailali, na maji ya chumvi hayajui sikukuu. Vali inayovuja tone moja leo, ikazeni leo. Na mkipanda cheo, mkumbukeni anayefuta mafuta sakafuni, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuuona ufa.

Mkivuka kwa kivuko kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, msitazame meli za jeshi na bendera zake tu. Sikilizeni ngurumo chini ya miguu yenu. Pale chini, katika joto, yupo mtu mwenye grisi hadi kwenye viwiko. Hamumjui, wala hamjaliona daftari lake, lakini mmempa roho zenu na za mama zenu bila kuuliza.

Mtu huyo awe amesafisha chujio. Na zamu itakapofika kwenu, msafishe.