Jiwe la Kusagia na Hati ya Nyumba

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu alinisubiri nje ya ofisi akiwa na karatasi za benki mkononi. Mumewe alitaka mkopo wa kununua mashine ya kusaga nafaka, na dhamana ilikuwa nyumba yao. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo walimngoja yeye. Akaniuliza, “Mchungaji, nikisaini nitakuwa nimeshiriki dhambi ya riba?”

Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba, na Luther katika maandiko yake ya 1524 aliwakemea wala riba kwa ukali. Lakini anayetajwa katika Kutoka ni maskini anayekopa ili ale. Baba huyu hakopi unga, anakopa mashine ya kuusaga. Na fedha atakayopewa ni akiba ya watu wengine: walimu, wakulima, hata sadaka zetu za ujenzi zinazolala benki. Pasipo benki akiba hiyo ingekaa chini ya godoro, na mashine ingebaki dukani. Mwenye akiba kupata sehemu ya faida, hapo sioni dhambi.

Linalonisumbua ni lingine. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kulichukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ndilo linalomlisha mtu. Leo benki inaliacha jiwe na kushika hati ya nyumba wanamolala watoto. Shilingi milioni 5 kwa riba ya asilimia 18, deni lisipopunguzwa, huzaa laki 9 kwa mwaka. Umeme ukikatika mashine husimama, riba haisimami.

Zamani nilihubiri dhidi ya mikopo yote. Nilikosea. Washarika hawakuacha kukopa, waliacha kuniambia, na wasio na hati wakaishia kwa wale wa “kausha damu”.

Basi nilimwomba mama akae na mumewe wahesabu: magunia mangapi kwa siku ndiyo yatalipa rejesho? Mashine ikifa miezi miwili, watalipa kwa nini? Wiki iliyofuata walikuja wote wawili. Walikuwa wamepunguza mkopo karibu nusu, wanunue mashine iliyotumika. Tuliomba pamoja, kisha mama akaazima kalamu yangu.