Kimya cha Nani?

Mablanketi 12 ya mitumba kutoka Manzese, mbao za mbili kwa moja, misumari na kitambaa cha pazia. Jumamosi moja ilitosha kupata paneli 4 za futi 4 kwa 2, kila moja mablanketi yamekunjwa ndani hadi unene wa inchi 4. Kitambaa unakipima kwa mdomo: pumzi ikipenya, sauti nayo itapenya ikamezwe ndani. (Trei za mayai achana nazo. Kila mtu atakushauri trei za mayai.) Mahali pa kutundika unapatafuta kwa kioo. Rafiki anakisogeza ukutani, wewe umekaa pako pa kusikilizia. Ukiiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia.

Jioni nilipiga kofi katikati ya chumba. Ule mwangwi uliokuwa ukinijibu kutoka kwenye kona ulikuwa umekufa.

Jirani yangu wa chumba cha pili, muuguzi wa zamu za usiku, alisimama mlangoni akatazama.

"Mdogo wangu, kwa hiyo sasa nitalala?"

"Utalala, dada. Nimeziba."

Siwezi kusingizia ujinga. Nilikuwa nimeshasoma habari za Wallace Sabine, ambaye mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa kazi ya kutibu ukumbi ambamo neno likitamkwa lilielea kwa sekunde zaidi ya 5. Usiku alikuwa akiazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, anaipanga, anapima, na asubuhi inarudishwa. Mito ilimeza mwangwi wa ndani. Kumzuia mtu wa nje asisikie ni kazi nyingine kabisa, na inataka uzito na kuta zisizo na upenyo. Besi ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4; kwake blanketi langu ni chandarua mbele ya mwizi. Isitoshe, kuta za vyumba vyetu zinaishia kwenye linta, na juu ya dari kuna uwazi mmoja wa nyumba nzima.

Basi nilidanganya? Sikuwa na nia ya kumdhuru. Nilichotaka ni deni liwe limeshalipwa. Nilikuwa nimetoa hela, nimetoka jasho, nimejigonga kidole na nyundo, na nikaona jasho lile lihesabiwe kuwa ni lake. Kumbe nilikuwa natoa mfuko wa kushoto natia wa kulia. Kibaya zaidi, chumba kiliposikika vizuri niliongeza sauti.

Naye akaacha kulalamika. Hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Kabla ya paneli alikuwa akigonga ukuta, nami napunguza. Baada ya paneli hakugonga tena. Katika nyumba nzima, kitu pekee nilichofanikiwa kukiziba kilikuwa mkono wake.

Rafiki aliyenishikia kioo anasema najitesa bure: mchana ni wa kelele, na mbona fundi mageti wa hapo nje, mwenye grenda, hamwambii kitu? Hoja hiyo niliipenda kwa siku mbili nzima. Lakini yule fundi hajawahi kumwambia kwamba ameacha.

Alhamisi nilimgongea nikamweleza yote, hadi ya dari.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile ya kwanza nilijua. Niliona umejitahidi mpaka mwisho wa uwezo wako, nikasema nisikusumbue, acha nizoee."

Sikuwa na la kujibu. Niliomba radhi, kisha nikaomba ratiba yake, jambo ambalo lisingenigharimu hata shilingi tangu nihamie. Aliiandika nyuma ya boksi la dawa. Nimeibandika kwenye paneli ya kati, juu ya kitambaa.

Leo analala mpaka saa 9 alasiri. Sasa hivi ni saa 6 na robo, hedifoni ziko shingoni, na kuna ngoma moja inanisubiri nifungue besi.