Ushuhuda wa Aliyekosa

Kwaresima ya 2020 Mama alifunga kwa ajili ya jambo moja: amwone mamake, aliyekuwa mgonjwa Wundanyi, na Pasaka iwakute pamoja. Hakuomba nyanya apone. Nyanya alikuwa mzee sana, na Mama si mtu wa kumdai Mungu makubwa. Aliomba safari tu. Kutoka Tudor unafika Mwembe Tayari, unapanda gari la Voi, jioni uko Taita.

Jumatatu ya Juma Takatifu, tarehe 6 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwetu sisi amri ilianza Jumatano saa moja jioni. Siku hizo mbili Mama alishinda stejini. Magari yalibeba watu wachache kwa sababu ya korona, nauli imepanda, foleni haisongi. Akarudi nyumbani na mkoba wake. Nyanya akafariki Alhamisi Kuu. Akazikwa Jumamosi, waombolezaji kumi na watano tu kama amri ya wakati ule ilivyotaka. Mama alitazama mazishi kwenye simu, mtandao ukikatikakatika.

Baadaye mshirika mwenzake alipiga kumfariji. Akamwambia kwa upole kwamba huenda imani iliyumba mahali. Simlaumu, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Tunaichukulia imani kama M-Pesa: umetuma, ujumbe wa kuthibitisha haujarudi, basi wewe ndiye uliyekosea namba.

Mwingine akasema Mungu ana mpango wake. Labda. Lakini sentensi hiyo mara nyingi husemwa ili aliyeumia anyamaze, sisi wengine tuendelee na chai yetu.

Wenzangu wa rika langu wana jibu la tatu: usitarajie kitu, hutaumia. Linasikika kama busara. Ila mtu anayeomba bila kutarajia chochote anaomba nini hasa? Mama alitarajia kwa sababu alimpenda mamake, na kwa sababu aliamini kuna anayesikia. Ukiyang'oa matarajio, vyote viwili vinang'oka navyo.

Nilirudi kwenye Injili ya Luka, kwa wale wawili waliokuwa wakienda Emau siku ile ile ya ufufuo. Wanamweleza mgeni jinsi walivyokuwa wametumaini kwamba Yesu angeikomboa Israeli. Tumaini lao tayari limo katika wakati uliopita. Na wasichojua ni kwamba malalamiko yao wanampelekea yule yule wanayemlalamikia. Aliwakemea, ndiyo, lakini kwanza aliuliza wanazungumza nini, akawaacha wamalize. Akatembea nao mwendo wote ule.

Hapo ndipo nilipoielewa asubuhi ya Pasaka nyumbani kwetu. Kanisa limefungwa, redio inaimba, Mama yuko chumbani na mlango ameurudisha. Nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka: umenikosea. Alisema kwa Kidawida, lugha ambayo siku zote nilimsikia akiongea na mamake tu. Sasa alikuwa akiongea nayo na Mungu.

Wakati ule niliogopa. Nilidhani nimesikia imani ikivunjika. Leo nadhani nilisikia kile kilichokuwa kimebaki, nacho hakikuwa kidogo. Usiyemtegemea hawezi kukuangusha. Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumwambia maneno yale. Anazima redio tu, anaendelea na mapishi.

Jirani yetu wa Kiislamu alikuja mchana na mahamri na mbaazi. Hakueleza chochote. Alisema, "Pole mwanangu," akakaa ngazini, barakoa usoni, mpaka Mama akatoka. Wiki chache baadaye Ramadhani ikamkuta naye misikiti imefungwa, taraweh anaswali sebuleni, na dadake wa Mji wa Kale hafikiki, kwa maana mtaa ule nao ulifungwa tarehe 6 Mei. Safari hii Mama ndiye aliyeenda kukaa ngazini.

Sisemi kwamba maumivu yalikuwa na faida. Mama hakumzika mamake, na hakuna Pasaka itakayorudisha Jumamosi ile. Nasema tu kwamba kukosa si ushahidi kwamba uliomba vibaya.

Julai makanisa yalipofunguliwa, watu wasiozidi mia, ibada ya saa moja, Mama alikuwa benchi la tatu. Ulipofika wakati wa ushuhuda wakasimama waliopona na waliopata kazi. Tukawapigia makofi, na walistahili. Mama alibaki ameketi, mkoba mapajani.

Natamani siku moja mtu ampe maikrofoni. Aseme: niliomba, nikakosa, na bado nimekuja. Kisha sisi tusiharakishe kusema amina.