Basi Letu Halijapata Utendi

Wajukuu zangu, mmenisomea kwenye simu habari za wanawake wa Kihakka wa kusini mwa China. Waume walivuka bahari kutafuta riziki, wao wakabaki kulima na kubeba mizigo. Hawakufungwa miguu kama walivyofungwa wanawake wengi wa nchi ile, na kazini waliimba nyimbo za mlimani ambazo vizazi vyao vinazihifadhi mpaka leo. Mmestaajabu, na mna haki. Lakini wanawake wa namna hiyo wapo hapa Mraru, Taita, ila habari zao hazijatiwa kwenye beti.

Miaka ya mwanzo ya 1970, mwanamke wa huku akitaka kwenda Voi sokoni au kumpeleka mtoto hospitali, alisimama kando ya barabara na mzigo wake. Basi lilifika limejaa. Nafasi ikipatikana, wanaume walitangulia. Wanawake wakaunda kikundi, wakachanga shilingi kwa shilingi, wakakopa kilichopungua, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Nauli zikalipa deni, faida ikafungua duka. Mwaka 1980 habari zao zilitolewa katika kijitabu huko New York, zikasomwa na watu wasiojua Mraru iko wapi. Nafurahi zilisomwa. Lakini kijitabu hakiimbwi jikoni.

Shairi ndilo linaloimbwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa mwaka 1858 alipomtungia binti yake utendi wa wasia. Alikuwa mjane. Yapo humo mambo ya utii kwa mume ambayo nyinyi mtayabishia, na bisheni. Ila tazameni alivyofanya: alichokijua juu ya nyumba, watu na Mungu alikipanga kwa vina, na wanawake wa Lamu na Pate wakakinakili na kukighani, hata kikajulikana pwani nzima. 

Basi tungeni. Utendi hauna siri: ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina chake ndicho kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Msianze na sifa, anzeni na nauli. Tieni mzigo wa mboga, kiti alichonyimwa mama mjamzito, daftari la michango, na yule aliyejitoa njiani akihofia deni. Msimfiche huyo, naye ni wetu. Kiswahili kikipwaya, tieni neno la lugha yetu ya Kidawida na msilitolee maelezo.

Mkienda kuuliza, nendeni na subira. Mkimwuliza bibi mwaka, atawajibu kwa mtoto aliyekuwa mgongoni. Ulizeni basi habari za mtoto huyo, na mwaka mtaupata wenyewe. Msimkatize akianza kuimba, hata wimbo ukiwa wa mazishi au wa ngoma ya mwazindika; humo ndimo alimoweka asiyoweza kuyasema akiwa amekaa kitini.

Na msiishie Mraru. Watu wa Kasigau, huku huku Taita, walihamishwa na Waingereza mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, wakapelekwa Malindi. Wengi walifia huko, na waliosalia walirudi baada ya miaka mingi. Vitabu vinataja serikali na majeshi. Mama aliyetembea na mtoto na chungu hatajwi, na hakuna atakayemtaja kama si mjukuu wake. Kazi hiyo ni kubwa kuliko ya basi, kwa hiyo anzeni na basi, mzoee.

Mkimaliza beti za kwanza, msizipeleke mashindanoni. Zighanini mbele ya waliolipanda lile basi, wangalipo, wawasahihishe jina la dereva na bei ya tiketi. Rekebisheni usiku huohuo, kisha nakala moja ikae shuleni na nyingine nyumbani kwenu.