Mwalimu wa Mazoezi na Haki ya Kujitangaza

Anayefundisha mazoezi ya mwili kwa malipo lazima ajulikane, la sivyo vyuma vyake vitashika kutu. Hilo halina ubishi. Swali la maadili linaanza pale anapochagua namna ya kujulikana: aseme nini, aonyeshe nini, na lipi haruhusiwi kulinyamazia. Kiswahili kina kauli mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara husema biashara ni matangazo. Kauli ya kwanza humtilia shaka kila anayejinadi. Ya pili humwona asiyejinadi kuwa hajui anachokifanya. Katika biashara nyingi kauli hizi huishi pamoja bila ugomvi, kwa kuwa mnunuzi ana njia ya kukagua: kitambaa hushikwa, embe hunuswa, baiskeli hupandwa. Katika mazoezi hakuna cha kushika.

Anayelipia mazoezi hanunui kitu kilichokwisha kutengenezwa. Ananunua maelekezo, uangalizi na nafasi ya kufanyia kazi, na kazi yenyewe ataifanya kwa jasho lake. Matokeo huja baada ya miezi, tena hutegemea usingizi wake, chakula chake, umri wake na maumbile aliyozaliwa nayo. Muuzaji basi huahidi jambo ambalo kwa sehemu kubwa limo mikononi mwa mnunuzi. Ushahidi anaoutoa, mara nyingi, ni mwili wake mwenyewe, nao ni ushahidi dhaifu kuliko unavyoonekana: mwili mmoja hauelezi ni kipi kilichoujenga. Huenda ni mazoezi anayoyauza, huenda ni mengine, huenda ni urithi wa wazazi, huenda ni dawa.

Plato aliyagusa haya katika Gorgias, majadiliano aliyoyaandika mwanzoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo. Humo Socrates anatenganisha fani za kweli na vivuli vyake. Mwili una fani mbili za kweli, mazoezi na tiba, na kila moja ina kinachoiigiza. Upishi hujifanya tiba, ukidai kujua chakula kinachoufaa mwili ilhali unajua tu kinachoupendeza ulimi. Mapambo hujifanya mazoezi: rangi, mavazi na ngozi iliyolainishwa humpa mtu sura ya afya ambayo hana. Upande wa nafsi nako ufasaha wa kushawishi huigiza haki. Alama ya fani ya kweli ni kwamba hutafuta manufaa ya anayehudumiwa na huweza kueleza sababu za inachokifanya. Kivuli hutafuta kupendeza, na hubahatisha.

Mpangilio huo unamhusu sana mwalimu wa mazoezi. Plato ameiweka kazi yake upande wa fani za kweli, lakini tangazo lake huivuta karibu na vivuli viwili kwa pamoja, pambo na ushawishi. Hatari kubwa haimo katika tangazo lenyewe. Imo katika uwezo wa tangazo kuigeuza kazi. Mwalimu anayepata wanafunzi kwa picha huanza, bila hata kukusudia, kufundisha kwa ajili ya picha. Kifua na mikono hupewa saa nzima kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana, na mgongo, nyonga na magoti huachwa, ingawa ndivyo vitakavyomwezesha mtu kupanda ngazi akiwa na miaka 70.

Hata hivyo, majadiliano hayohayo yana hoja inayomtetea mwenye kujitangaza, nayo haifai kupuuzwa. Gorgias mwenyewe, mwalimu wa ufasaha ambaye nduguye alikuwa tabibu, anaeleza kwamba aliwahi kwenda naye kwa wagonjwa waliokataa dawa au kisu, akawashawishi yeye pale tabibu aliposhindwa. Socrates hakuridhika na utetezi huo, lakini kisa kinabaki na uzito. Wapo watu ambao hawajatembea mwendo wa haraka kwa miaka. Wanajua kuwa inawapasa, na bado hawaamki. Anayewashawishi waanze anawatendea wema hata kama naye anapata riziki. Ushawishi una uhalali pale unapomwongoza mtu kwenye jambo lenye manufaa ya kweli kwake, na kwa sababu ambazo angezikubali hata kama angezijua zote.

Tukio linalofaa kupimwa kwa kipimo hicho ni la Eugen Sandow, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867 na kufa London mwaka 1925. Alianza kwenye majukwaa ya maonyesho, watu wakilipa kumtazama akinyanyua uzito na kukaza misuli. Kisha akageuza mtazamo wa watu kuwa biashara ya mafunzo: akafungua taasisi ya mazoezi London, akaanzisha jarida mwaka 1898, akauza vifaa na mafunzo. Septemba 1901 alijaza ukumbi wa Royal Albert Hall kwa shindano la miili, mwandishi Arthur Conan Doyle akiwa mmoja wa waamuzi. Alikuwa mfanyabiashara wa kujionyesha kuliko karibu wote waliomtangulia. Lakini jarida lake lilieleza mazoezi kwa undani kiasi kwamba msomaji aliweza kuyafanya nyumbani, na shindano lake lilitukuza uwiano na afya ya mwili mzima kuliko ukubwa wa msuli mmoja. Maonyesho yalifungua mlango, na ndani palikuwa na mafunzo. Ndiyo tofauti inayostahili kuangaliwa.

Dini zimeliuliza swali hili kwa ukali zaidi, kwa sababu hazitazami tendo peke yake bali na nia. Katika Uislamu, hadithi aliyoipokea Imamu Muslim yasema kwa maana yake kwamba muumini mwenye nguvu ni bora kuliko dhaifu, ingawa wote wana kheri, na nyingine yafundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Kuutunza mwili si anasa, basi. Lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihyaa mlango mrefu juu ya ria, yaani kutenda ili uonwe na watu, na mahali pa kwanza alipoiona ni mwilini. Mcha Mungu wa uongo hujionyesha kwa kukonda na kupauka ili adhaniwe amekesha kwa ibada. Watu wa dunia hujionyesha kwa unene, rangi nzuri, kimo, na nguvu na uwiano wa viungo. Maelezo hayo yana zaidi ya miaka mia tisa, na yanafanana na picha za kila siku kwenye simu.

Ghazali hakuishia kukataza. Alikiri kwamba si kila kujionyesha nje ya ibada ni haramu, na kwamba anayeigwa na watu anaweza kudhihirisha tendo jema ili wamfuate. Akaweka na mtihani. Mtu ajiulize: lau watu wangemfuata mwenzake badala yake, na yeye asipungukiwe thawabu, je, moyo ungeridhika? Ukitaka lazima awe yeye, basi alichokitafuta ni sifa. Kwa mwalimu wa mazoezi mtihani huu unahitaji marekebisho, maana mwanafunzi akienda kwa jirani, kodi ya pango haitalipika, na kutafuta riziki ya halali si ria. Bado kinabaki kiini chake: anayefurahi kumwona jirani yake amepungua shinikizo la damu, ijapokuwa alijifunza kwa mwingine, anaipenda kazi yake kwa sababu iliyo sahihi. Ukristo una mvutano uo huo ndani ya hotuba moja ya mlimani, ambamo wanafunzi wa Yesu wanaagizwa nuru yao iangaze mbele ya watu, kisha wanaonywa wasitende haki ili watazamwe. Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, anayapa mazoezi ya mwili faida, ila faida yenye mpaka.

Mbaya kuliko kujionyesha ni kuuza kwa kumtia mnunuzi aibu. Mfano mashuhuri ni Charles Atlas, mhamiaji kutoka Italia aliyeitwa Angelo Siciliano, aliyeuza mafunzo yake kwa posta nchini Marekani kuanzia miaka ya 1920. Tangazo lake lililoenea kuliko yote lilikuwa la michoro: kijana mwembamba yuko ufukweni na msichana, mbabe anamrushia mchanga usoni, msichana naye hasaidii kitu, kijana anakwenda kufanya mazoezi, anarudi na kumpiga yule mbabe. Tangazo hilo liliuza kwa miongo mingi. Kosa lake ni la kimaadili kabla ya kuwa la kitabibu, kwa kuwa huumba jeraha ndipo liuze dawa. Msomaji aliyekuwa na amani na mwili wake hufundishwa kuuchukia, na chuki hiyo haiondoki kwa kuwa misuli imeongezeka, maana daima yupo mwenye misuli zaidi. Mwanamke aliyetoka kujifungua na kuambiwa tumbo lake ni la kufichwa, au mwanamume anayechekwa kwa kitambi, hajaitwa kwenye afya. Amesukumwa.

Kuna pia suala la kuficha. Hadithi nyingine katika Muslim yasimulia kwamba Mtume aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema limenyeshewa na mvua, naye akaulizwa kwa nini asiliweke lile bichi juu watu walione. Ubichi wa biashara ya mazoezi unajulikana. Picha za kabla na baada zinaweza kupigwa siku moja, kwa kubadilisha mwanga, pumzi na namna ya kusimama. Mwanafunzi mmoja aliyefaulu huonyeshwa, na walioacha mwezi wa pili hawatajwi. Mwezi Desemba 2022 Mmarekani maarufu mitandaoni kwa jina la Liver King, aliyeuhusisha mwili wake na ulaji wa nyama mbichi na maini, alikiri kwamba alikuwa akitumia steroidi. Waliomwiga walikuwa wamepewa lengo ambalo njia waliyouziwa haiwezi kulifikia, na wengi wao walijilaumu wenyewe kwa uvivu. Hapo uongo humwibia mtu fedha, na zaidi ya hapo humnyang'anya imani kwamba juhudi yake ina maana.

Wajibu wa kusema kweli unafika mpaka kwenye maneno yanayopunguza mauzo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kutembea haraka kunahesabika, na hakuna ada yake. Mwalimu anayewaeleza watu hivyo waziwazi, kisha akaeleza yeye anaongeza nini, iwe ni kurekebisha mkao, kupanga uzito hatua kwa hatua au kuwashika mkono wasikate tamaa, ameanza kufundisha kabla hajalipwa. Ni wajibu wake pia kumwambia mwenye maumivu ya kifua aende kwanza hospitali.

Linabaki suala la miili ya wanafunzi. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mwanafunzi aliyepungua kilo nyingi ni ushuhuda mzuri, naye anaweza kukubali kwa furaha picha yake itumike. Lakini ridhaa inayotolewa kwa mwalimu unayemheshimu, mbele ya wenzako, ukiwa bado unamhitaji, si huru kabisa. Kwa hiyo mwalimu anapaswa kuiomba faraghani, kueleza picha itaonekana wapi na kwa muda gani, na kuiondoa siku mwenyewe atakapobadili nia, bila kumdai sababu.