Tukichoka na Kanisa, Twende Wapi?



Siku hizi kuna neno linalosikika mara nyingi miongoni mwa waumini, kisimani, sokoni, na hata njiani watu watokapo ibadani. Neno lenyewe ni hili: "Mungu tunamwamini, lakini mambo ya kanisa yametuchosha." Hatulisikii kwa watu wasioijua imani. Twalisikia kwa mama aliyeimba kwaya miaka mingi, kwa kijana aliyepata Kipaimara juzi tu, na kwa mzee aliyebeba mawe ya msingi wa jengo kwa kichwa chake mwenyewe. Kwa hiyo tumeona vema kulitazama jambo hili bila kulikemea upesi. Neno linalosemwa na wengi chini chini, likikemewa halifi, huhamia nyuma ya nyumba.

Kwanza tuyataje malalamiko yenyewe kama yanavyosemwa. Hayatoki katika mtaa mmoja; yameokotwa huku na huku, wala hatumnyoshei mtu kidole. Watu husema michango ni mingi: zaka, ahadi, mavuno, jengo, ugeni wa askofu, na pengine bahasha tatu kwa Jumapili moja. Husema mnada wa baada ya ibada huendelea mpaka jua la utosini, na mwenye uwezo hutaja bei ya mkungu wa ndizi kwa sauti kubwa, huku asiye nacho akiinamisha kichwa. Husema hesabu za fedha husomwa mbio mbio, au hazisomwi kabisa. Mjane akichelewesha ahadi yake jina lake hutajwa mbele ya watu, lakini mwenye duka anayepunja mizani hukalia kiti cha mbele. Husema wazee wa kanisa huweza kukaa kikao tangu asubuhi hadi jioni wakigombania funguo za stoo. Na vijana husema jambo fupi zaidi: "Tukiuliza swali, twaambiwa hatuna adabu."

Sasa linganisheni hayo na siku ya matembezi. Kutoka kwetu Nemba, watu wakipata nafasi wakati wa kiangazi, baada ya maharage kuvunwa, huchanga nauli, hukodi gari, hushika barabara kuu yenye malori ya mizigo, na kwenda Rusumo kuyatazama maporomoko. Huko mto Ruvubu utokao Burundi huungana na Kagera, na mbele kidogo maji huanguka kati ya majabali kwa kishindo. Akina mama hubeba ndizi za kupika na chai ya chupa. Vijana huimba njia nzima. Hakuna mwenyekiti wala katibu, na hakuna anayesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Baada ya safari moja ya namna hiyo mama mmoja alisema hivi: "Pale juu ya maji nilimshukuru Mungu kwa muda mfupi kuliko mwaka mzima wa ibada. Mbona kule tunakuwa ndugu, na huku kanisani tunakuwa wanachama?"

Mzee mmoja akamjibu kwa methali: "Mwanangu, mkataa wengi ni mchawi." Mama akanyamaza kwa heshima. Lakini kunyamazishwa si kujibiwa, na tunadhani mama huyu anastahili kujibiwa.

Tuanze kwa kukubali kwamba hakukosea kumwona Mungu mtoni. Bwana wetu mwenyewe aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu kuomba. Alifundisha ufuoni na mlimani, akatoa mifano ya mpanzi, wavu na ndege wa angani. Aliwahi pia kuwachukua wanafunzi wake waliochoka akawapeleka kando wakapumzike. Mkristo anayefurahia maji, upepo na chakula cha pamoja haibi muda wa Mungu. Na ile methali ya mzee, ingawa ni ya busara mahali pake, haitoshi hapa. Nabii Amosi aliwakataa wengi, akasema Mungu amechoshwa na sikukuu na nyimbo za watu wanaowakandamiza maskini. Basi kama kuchoshwa na ibada isiyo na haki ni uchawi, itabidi tumwondoe Amosi katika Biblia.

Lakini maji hayo ya Rusumo yana ushuhuda mwingine, na wenye umri wa kukumbuka wanaujua. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, mto huo ulileta maiti, nyingi zikachukuliwa mpaka Ziwa Victoria. Tarehe 28 ya mwezi huo watu walianza kumiminika kuvuka daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi inakadiriwa walivuka kama 250,000. Wakajaa Benaco, wilayani Ngara, mpaka hapo porini pakawa na mji mkubwa kuliko miji yetu. Wengi walikaa huku hadi waliporudishwa mwezi wa Desemba 1996. Kabla ya hapo, ng'ambo ya mto, si mbali na mpaka wetu, maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kanisa la Nyarubuye wakiamini kwamba hakuna atakayethubutu kuwagusa mahali patakatifu. Waliuawa humo humo. Kati ya waliowaua na waliouawa walikuwamo watu waliowahi kusali pamoja.

Hilo lilikuwa kanisa la Wakatoliki, lakini jambo hili si la dhehebu moja. Viongozi wa Kanisa letu la Anglikana huko Rwanda nao walilaumiwa, baada ya vita, kwa kuwa walikuwa wamesimama karibu mno na watawala wa siku zile, hata sauti yao ikakosa nguvu ilipohitajika. Tena Gahini, ambako katika miaka ya 1930 uliwaka moto wa Uamsho uliotufikia sisi pia na nyimbo zake na ushuhuda wake, iko katika upande huo huo wa mashariki wa Rwanda. Nchi iliyojaa makanisa, tena nchi ya Walokole, ilimwaga damu namna ile. Kwa hiyo mtu akituuliza, "Kanisa lina faida gani?", yatupasa tujue kwamba nyuma ya swali lake hakuna bahasha na mnada tu. Kuna Nyarubuye.

Hapo watu hukimbilia majibu mawili yaliyo mepesi. La kwanza ni kusema: "Wanadamu ndio wabaya, kanisa lenyewe ni takatifu." Jibu hili linamwacha aliyeumizwa peke yake, kwa maana aliyemwumiza hakuwa kanisa la mbinguni, alikuwa mtu mwenye cheo na daftari. Jibu la pili ni kusema: "Mungu yuko kila mahali, basi kila mtu asali kwake." Hili lina sura ya uhuru, lakini tulipime.

Tumfikirie Mchungaji Yona Kanamuzeyi. Alikuwa mchungaji wa Anglikana huko Nyamata, katika Bugesera ya Rwanda, akiwahudumia Watutsi waliokuwa wamehamishiwa huko kwa nguvu. Mauaji yalipozuka mwishoni mwa 1963 na mwanzoni mwa 1964, hakuwaacha. Mwezi wa Januari 1964 askari walikuja kumchukua, wakampiga risasi penye daraja la Nyabarongo, mwili wake wakautupa mtoni. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera ndiyo inayoanguka pale Rusumo. Mto ule ule uliobeba aibu ya kanisa mwaka 1994 ulikuwa umekwisha kumbeba shahidi wake miaka thelathini kabla. Naye Yona alikuwa mtu wa kanisa hilo hilo lenye vikao na daftari: humo alihudumu, na humo alikuwa na watu ambao hakuweza kuwakimbia kwa sababu alikuwa amepewa kuwachunga.

Hapa ndipo tunapoiona tofauti kati ya matembezi na kanisa. Katika matembezi twaenda na tuwapendao. Mwenye kelele hatumwambii siku ya safari, tunayemdai hatumkodishii kiti, na asiye na nauli hubaki nyumbani, wala hatuoni kwamba amebaki. Ndiyo maana tunakuwa ndugu kwa urahisi. Kanisani hatuchagui. Siku ya Meza ya Bwana mtu hupiga magoti karibu na jirani aliyesogeza mpaka wa shamba lake, na wa kabila lingine, na aliyemsema vibaya kisimani. Ugumu wa kanisa unatoka hapo, na faida yake inatoka hapo hapo. Kishindo cha maji kinaweza kutufundisha kwamba Mungu ni mkuu, ila hakiwezi kutuambia kwamba tuna deni la mjane. Tukimwabudu Mungu na wale tuliowachagua tu, mwisho wake tutakuwa na Mungu wa ukoo wetu, na kabila letu, na rika letu. Yaliyotokea ng'ambo ya mto yanatuonyesha mahali njia hiyo inapofika.

Lakini Nyarubuye inatufundisha pia kwamba kukaa benchi moja peke yake hakutoshi. Waliketi pamoja miaka mingi, na ukweli haukusemwa. Kanisa ambalo watu wamo humo pamoja lakini hawawezi kuambiana kweli ni kama nyumba yenye mchwa: kwa nje imepakwa chokaa, na upepo ukija inaanguka na wenyewe. Kwa hiyo mwenye kulalamika kwa haki ni msaada kwa kanisa, kama akisema ndani na kwa uso, na kama wenye nafasi wakisikiliza.

Tunao mfano wa karibu. Mwezi wa Oktoba 1941, katika Chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, Uganda, wanafunzi 26 waliokuwa wakijiandaa kwa utumishi walifukuzwa. Walikuwa watu wa Uamsho, pamoja na kiongozi wao William Nagenda, na walisema wazi kwamba kanisa limepoa na dhambi imefunikwa. Bila shaka walikuwa na ukali wao, na wakubwa walikuwa na wao. Ingekuwa rahisi wajitenge waanzishe dini yao, na wengi walitazamia hivyo. Hawakutoka, na Askofu Cyril Stuart naye alijitahidi wasitupwe nje. Miaka 25 baadaye, mwaka 1966, Erica Sabiti, mtu wa Uamsho huo huo, akawa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Jimbo la Uganda, Rwanda na Burundi. Hatusemi kwamba kila anayevumilia hupata cheo. Twasema kwamba kanisa lilipata uhai kwa watu waliolikasirikia bila kulihama.

Na juu ya wote tumtazame Bwana. Injili ya Luka, sura ya nne, inaeleza kwamba alikuwa na desturi ya kuingia katika sinagogi siku ya sabato. Huko Nazareti, kwao, alisema kweli, na watu wa ibada wakamtoa nje ya mji wamtupe chini ya mlima. Msomaji angedhani kwamba baada ya siku ile hatakanyaga tena sinagogi. Lakini Luka anaendelea papo hapo kwamba alishuka Kapernaumu, na siku ya sabato alikuwa akifundisha. Wale hawakumtendea haki, na hakujifanya kwamba wametenda haki. Ila hakuwaachia wao nyumba ya Baba yake.

Basi tunayo machache ya kuwashauri wapendwa wetu. Ninyi mliochoka, msione haya. Endeni Rusumo, pumzikeni, imbeni, kisha rudini na lile lililowachosha mliseme kwa jina lake, katika kikao, bila matusi. Na katika safari ijayo mwalikeni hata yule ambaye hamna mazoea naye, na asiye na nauli mmchangie. Ninyi wenye madaraka katika mitaa, someni hesabu polepole na risiti zikiwepo. Ahadi ya maskini isitangazwe. Swali la kijana lijibiwe kama swali. Na kama jibu halijapatikana, aambiwe kwamba halijapatikana. Nanyi mliobaki imara, msiwaite waliokaa nyumbani kuwa ni waasi. Jumapili hii, mtakapotoka ibadani, pitieni kwa mmoja ambaye hajaonekana tangu Pasaka. Msimwulize mbona haji. Mwulizeni habari za watoto na za shamba, mkae, mpewe maji ya kunywa. Kama ana neno la uchungu juu ya kanisa, mlisikilize mpaka mwisho wake.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote.